Unga wa Muhogo kwenye Jakuzi

Maguu, Mbinga
Jumapili, mwezi wa Julai

Mama yangu mpendwa,

Asubuhi tulikwenda misa ya kwanza, na usiku huu nimeamua nikueleze yote, hata yale ambayo Baba hapendi yasemwe. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua ya kirafiki ina anwani moja tu, ya anayeandika. Niliposikia hivyo nilifurahi sana. Ina maana naweza kukuandikia bila kujua anwani ya huko uliko.

Shikamoo, Mama.

Huku baridi ni kali, ukungu unakaa kwenye mibuni mpaka saa nne. Kanga yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna anayeivaa, na hakuna anayeiondoa. Baba siku hizi anakula nje, hata mvua ikinyunya. Jina lako halitajwi ndani ya nyumba. Mimi hulitaja jikoni, peke yangu, nikiwa nachochea moto.

Habari kubwa ni ya Deo. Tangu tukuzike hakuna aliyempeleka ziwani. Wewe ulikuwa unamshusha Lundo kwa Bibi kila likizo, kwa sababu daktari alisema ile homa iliikaza miguu yake na dawa yake ni mazoezi ndani ya maji yenye joto. Mlikuwa mnaingia alasiri, kwenye maji mafupi yaliyoshinda juani. Unamshika makwapani unamwambia, "Sukuma maji, baba. Maji hayana miiba." Mimi nakaa mchangani nalinda usipa, dagaa wa Bibi walioanikwa, kuku wasidonoe. Pasaka ya mwaka jana alitembea majini bila kushikwa, ukacheka mpaka ukameza maji. Mama, miguu imeanza kukaza tena. Anakwenda chooni kwa kutambaa. Viatu ulivyomnunulia bado vipya.

Sasa, kule mjini Mbinga, Mzee Bakari wa duka la vyombo vilivyotumika alinunua vitu vya nyumba moja ya wageni ufukweni, karibu na Lundo. Imefungwa. Baba akasikia kwamba kati ya vitu hivyo kuna jakuzi, yaani lile sinki kubwa la kuogea ambalo watu wanne wanakaa humo wakiongea. Hakuniambia anawaza nini. Alisema tu, "Skola, mwandae mdogo wako, tunashuka ziwani."

Unaikumbuka ile kona ambayo ziwa linaonekana mara ya kwanza? Ulikuwa unasema, "Lile pale," kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Safari hii tulifika pale tukanyamaza wote watatu. Nilitaka kulisema mimi. Badala yake nikamfunga Deo vifungo vya sweta.

Jakuzi lilikuwa uani kwa ile nyumba ya wageni, majani ya mwembe yamejaa ndani. Ni jeupe, lakini limepauka likawa rangi ya meno. Baba alilizunguka kama anavyozunguka gunia la kahawa la mtu asiyemwamini. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainama, akanusa tundu la kutolea maji. Mzee Bakari alimwambia ukweli kwamba mota ya mapovu imekufa. Baba akasema mapovu hayatuhusu, sisi tunataka maji ya moto na mahali pa mtoto kusimama. Halafu akauliza kama linavuja.

"Mzee mwenzangu!" akasema Mzee Bakari. "Wazungu wamekaa humu miaka na miaka na vitambi vyao, leo livuje kwa huyu mtoto?"

Vijana waliokuja kubeba vitu wakacheka. Baba naye alikuwa karibu kukubali, nilimwona. Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na mtumbwi wa Babu. Ulinionyesha siku ile: mtumbwi unatolewa nchi kavu, unajazwa maji, halafu nje unapakwa unga mkavu wa muhogo. Jicho linaweza kupita juu ya ufa lisiuone, lakini unga ukilowa haufichi.

Nikamwambia Baba kwa sauti ndogo. Akasema, "Kamwombe Bibi yako unga."

Bibi alinipa bakuli zima na hakuuliza la nini. Alinishika tu uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Nadhani alikuwa anakutafuta wewe.

Vijana walichota maji ziwani kwa ndoo mpaka jakuzi likajaa. Mimi nikalipaka unga kuanzia ukingoni hadi chini. "Binti," akasema Mzee Bakari, "jakuzi ni la kuoga. Ugali tunasongea kwenye sufuria." Walicheka tena, na Deo akacheka pamoja nao, nikaona aibu. Tukakaa kivulini kungoja. Unga ukabaki mweupe. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, na sikujua ninaomba ufa uwepo au usiwepo.

Deo ndiye aliyeuona, kwa sababu yeye alikuwa amekaa chini. "Dada, pale pamelia." Karibu na tundu la kutolea maji kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, unapanda kama mshipa wa mkononi. Tulipouangalia ukazidi kurefuka.

Mzee Bakari alichuchumaa akaugusa. Hakubisha. Aliapa kwamba hakujua, na mimi nilimwamini, kwa maana alipunguza bei mwenyewe kabla Baba hajafungua mdomo, tena akamwita fundi wa boti aje azibe kwa gundi yake. Kisha akanigeukia. "Huyu ni mtoto wa nani?" Nilidhani Baba atasema, wangu.

Baba akasema, "Wa mama yake."

Ni hayo tu, Mama. Lakini ndiyo mara ya kwanza kukutaja tangu mazishi. Alipomaliza kusema alikwenda akasimama ukingoni mwa ziwa, na viatu miguuni, maji yakimfikia.

Lori la mahindi likatupandishia jakuzi hadi Maguu. Hapo utacheka. Baba alikuwa amepima chumba kwa kamba ya katani, akapima na jakuzi, akafunga mafundo mawili. Mlango hakuupima. Kwa hiyo liko nje, kwenye banda la kahawa, na majirani wote wamekuja kulipongeza tanki letu jipya la kuoshea kahawa. Baba mkubwa hata alikwishaleta ndoo ya kwanza ya kahawa. "Mavuno ndiyo haya, mdogo wangu," alisema. "Mtoto ataoga kwenye beseni kama wenzake." Baba akaichukua ile ndoo, akamrudishia mkononi kwa heshima, akasema, "Kaka, kahawa ina miguu. Imefika sokoni kila mwaka."

Sasa kila jioni nachemsha maji kwenye pipa, kwa kuni za mibuni iliyopogolewa. Siku ya kwanza Baba alikunja suruali akaingia na Deo. Hakujua ashike wapi. Hajawahi kuogelea maisha yake yote, mara amshike kiuno, mara bega, na Deo akaogopa. Basi niliingia mimi. Nikamshika makwapani kama wewe, nikasema, "Sukuma maji, baba. Maji hayana miiba."

Deo akalia. "Hiyo ni ya Mama," akasema. "Usiiseme."

Sikuisema tena. Tunafanya kimya. Yeye anasukuma, mimi nashika, na Baba anakaa kwenye gunia akitazama moto. Wakati mwingine najiona niko mbali nao wote wawili, ingawa nimemkumbatia mmoja. Lakini miguu inalegea, Mama. Goti la kushoto limekubali kunyooka. Na jioni hii Deo alisimama, akaniambia mwenyewe, polepole, "Sukuma maji, baba," kama vile mimi ndiye mgonjwa. Kisha akasema, "Dada, niachie."

Sikumwachia. Niliogopa. Nikamwambia maji yamepoa, nikamtoa.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi moto hautazimika chini ya lile pipa hadi Deo avae vile viatu, na Pasaka nitamshusha Lundo, tukifika kwenye ile kona nitasema kwa sauti, "Lile pale." Baba amekuja mlangoni sasa hivi akaniuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia. Ameniongezea mafuta kwenye taa.

Kesho Deo ataniomba tena. Nijibu upesi, kwa njia yoyote unayoijua: siku ile ya Pasaka, ulijuaje kwamba umefika wakati wa kumwachia?

Binti yako,
Skolastika