Ushahidi Kutoka Kifunguni

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka. Kidato cha Nne wamekariri tena leo: dhamira ni nini, toni ni nini, kinaya ni nini — wote sitini na wawili kwa pamoja, kama kwaya. Ukiwapa kifungu waitafute hiyo toni, wanakariri upya. Baridi ya hapa Dedza, Malawi, nayo haina huruma.

Mtihani wa majaribio ni Alhamisi. Mwalimu mkuu, Bwana Nkhoma, anataka kifungu cha ufahamu kesho. Amenikumbusha kwamba mwaka jana tulishika mkia wilayani. Kana kwamba nimesahau.

Jumanne, 4 Juni

Kichwa kitupu. Kitabu cha vifungu ni kimoja shule nzima, na watoto wamekimaliza. Basi nikachukua ujumbe alionitumia mume wangu Jailosi wakati wa Pasaka, nikabadilisha majina tu. Mume yuko Joni, Afrika Kusini, mwaka wa sita. Kazi ni nyingi. Krismasi atarudi bila kukosa. Baiskeli yake mkewe ampe shemeji yake, isiote kutu bure.

Kitafaa. Nusu ya darasa wana baba huko huko, nani atajua ni changu?

Swali la nne: Je, mume atarudi? Toa ushahidi kutoka kifunguni. Alama tano. Kwenye mwongozo wa kusahihisha nimeandika: Atarudi, amesema mwenyewe. Sikufikiri mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesahihisha arobaini. Mgongo! Wote "atarudi", wote tano. Isipokuwa Tamandani, yule msichana wa nyuma asiyekariri na wenzake. Yeye kaandika: "Hatarudi. Mwanamume anayerudi hagawi baiskeli yake."

Nimempa sifuri. Nimechora mstari mwekundu mpaka karatasi ikachanika.

Ijumaa, 7 Juni

Tamandani kanifuata ofisini. Adabu zote, kapiga goti, lakini hakuja kuomba.

"Madamu, swali la nne umenionea."

Nikamwambia kifungu kinasema wazi, bila kukosa.

"Hayo ni maneno yake, Madamu. Si wewe uliyetufundisha mhusika tumpime kwa matendo?"

Nikamuuliza hayo ya baiskeli kayatoa wapi.

"Baba alianza na redio. Akasema apewe baba mdogo. Kisha plau. Kisha viatu vya kanisani. Sasa ana mke huko Joni, na watoto wawili."

Alisema kama anayesoma orodha ya mahudhurio. Nikafuta sifuri, nikaandika tano. Akashukuru, akaenda zake darasani.

Baiskeli niliipeleka mwenyewe kwa Wyson, mdogo wake Jailosi. Aprili. Niliisukuma kilima kizima, na nilikuwa nimeifuta vumbi. Nilidhani ni wema wa mume wangu. Miaka kumi na minne nafundisha ufahamu, na nimeshindwa kusoma ujumbe wa mistari sita. Naona aibu. Aibu kuliko uchungu, au sijui.

Jumamosi, 8 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Sikutaka kuona mtu. Saa nne Wyson huyo, juu ya baiskeli. Nikamsongea nsima, akala na maharage, akasifu. Mambo ya mahindi, mambo ya mama mkwe. Kisha akanawa mikono taratibu.

"Shemeji, kaka kanipigia. Anasema baridi ya mwaka huu si mchezo, nije nichukue lile koti lake zito. Eti linaliwa na nondo bure."

Nikamuuliza kampigia lini.

"Juzi. Kwani wewe hajakupigia?"

Nikasema ngoja nikalitafute. Halihitaji kutafutwa, lilikuwa msumarini nyuma ya mlango wa chumbani, mahali alipolitundika mwenyewe. Sasa nimelipakata, naandika juu yake. Nondo hawajaligusa. Kila Jumapili nalikung'uta.

Wyson kakohoa mara ya pili. Anauliza huko sebuleni kama nimelipata, au aje anisaidie kutafuta.