Mzee Asiyekubali Kulala Chini

Arusha, karibu na boma

Mama, shikamoo. Najua kaka ndiye anayekusomea, na kwamba ulikuwa unanitazamia mimi mwenyewe, si karatasi. Kifua chako je, bado kinakubana alfajiri? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku chini ya mlima Meru inatafuna mifupa, na leo situlii hata kidogo.

Msafara wa pwani unaondoka asubuhi hii. Kazi yetu ya kujenga boma imekwisha, na mzigo wangu niliufunga tangu juzi. Sasa sikia kilichonizuia.

Kuna mzee mmoja, Feruzi, mpagazi wa zamani, asiye na nyumba wala ndugu huku. Hulala upenuni mwa duka la Mhindi. Funza wamemla miguu, na wa kushoto umefanya kidonda kinachonuka. Mama mmoja wa Kimeru anayeuza ndizi pale akaniambia, "Fundi, wewe wanakujua bomani. Mpeleke huyu babu kwa daktari. Mimi ndizi nitampa, lakini ndizi haiponyi mguu."

Nikampeleka. Daktari wa Kijerumani aliutazama mguu, akasema ukatwe upesi, la sivyo atakufa. Nikamwonyesha mzee kitanda. "Babu, lala hapa." Hapo ndipo nilipokosea. Alitoka mbio na fimbo yake, kwa mguu ule ule mbovu.

Nilimkuta upenuni, ameketi, mgongo ukutani. Kumbe ndivyo alalavyo miaka yote. Nikamkaripia, Mungu anisamehe. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu," akasema, "njiani mgonjwa akikaa, wenzake humngoja. Akilala chini, mnyapara huwagawia wengine mzigo wake, wakaenda zao. Nimewaacha wengi hivyo. Na mimi niliachwa hapa hivyo hivyo."

Nikamwuliza, basi tufanyeje? Akasema atalala, ila awepo mtu wa kukaa juu ya mzigo wake mwenyewe, karibu naye, mpaka ainuke. Nami, kwa mdomo wangu huu usiojua kunyamaza, nikasema nitakaa.

Jana alikatwa mguu. Daktari anasema kupona kutachukua mwezi au zaidi. Mama, nimekasirika, sijui hata nimkasirikie nani. Wenzangu wananiita huko nje, na natamani kuja nyumbani. Mzee bado amelewa dawa ya usingizi. Nikiondoka sasa, hatajua. Mara tatu nimeinuka, mara tatu nimeketi tena juu ya mzigo wangu.

Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na shemeji aliyejifungua. Mwambie mtoto nitamwona akiwa ameota meno. Aliyekuletea barua hii mpe chai, ni rafiki yangu.

Sasa hivi mzee amefumbua macho. Ameuliza, "Wameondoka?"

Rafiki yangu bado yuko mlangoni anaingoja barua hii, lakini nimemjibu mzee, "Wameondoka, babu. Mimi nipo."

Mwanao,
Hamisi