Mteremko wa Makindye, Mawimbi ya Pemba

Jumatano

Na bado wananicheka. Jioni nilimwomba binamu yangu Ramadhani afunge ncha ya mshipi wangu wa kuvulia nyuma ya bodaboda yake, ateremke polepole hapa Makindye, nami nimzuie kwa fimbo ya kuvulia kama nitakavyomzuia samaki. Majirani walitoka kutazama. Hatukufika mbali, nikaanguka kwa magoti kwenye changarawe. Fimbo sikuiachia.

"Dada, watu wanaenda Pemba kuogelea tu," Ramadhani alisema akiniinua.

Kilichoniudhi si kicheko. Asubuhi nahodha Makame, atakayenipeleka kuvua, alinipigia kutoka Pemba. Nje ya mwamba wa matumbawe upepo umekaza, mkondo una nguvu na mawimbi ni makubwa. Nduaro ninayemtaka, yule samaki mkubwa mwenye pua kama upanga, yupo huko huko, lakini mashua haitatulia. Akanishauri nivue ndani ya mwamba, kwenye maji matulivu, "maana wewe ni mtu wa ziwa, dada."

Naogopa, sijidanganyi. Safari iliyopita nilitapika mpaka nikalala sakafuni, na samaki wangu akavutwa na mwanamume mmoja, akapiga naye picha. Nikilala tena...

Nilipokwisha kuosha magoti nilimpigia Makame. Nikamwambia siku ya kwanza tuvue ndani, mwili uzoee, kisha anitoe nje. Fimbo yangu isishikwe na mtu, hata nikitapika.



"Basi uje na mkanda wako wa kuegemezea fimbo," akasema. "Wangu ni wa wanaume, utakupwaya."

Wangu nilikuwa bado nimeuvaa tangu pale mteremkoni.