Nimemcheka mke wa Mzee Zablon

Benigna, uko wapi? Nimefanya jambo la aibu.

Si unajua leo mchana Gervasi alikuwa anaonyesha filamu yake hapa Chemchem, ukumbi wa parokia? Mbaya! Tangu nizaliwe sijakaa kwenye filamu mbaya vile. Sauti inakatika. Polisi kavaa ndala.

Sasa kuna bibi kakata roho kitandani. Watu wanalia, nzi akatua puani pake. Marehemu akamfukuza kwa mkono, na kusema akasema!

Nikaangua kicheko. Unakijua kicheko changu. Ukumbi mzima ukafuata.

Mzee wa mbele yangu akageuka. Bora angenigombeza. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi naitwa Zablon. Huyo ni mke wangu. Nilimzika Igalula mwezi wa tatu. Nimekuja kusikia sauti yake."

Benigna, mke wake!!

Akaniuliza, "Hapo amesema nini? Mmecheka, sikumsikia."

Hata mimi sikusikia. Kwa kucheka.

Filamu ilipoisha nikamfuata Gervasi, nikamwomba arudishe pale. Akafurahi, akadhani nimeipenda. Sikumwambia kitu.

Akairudisha. Bibi akamfukuza nzi, akasema, "Niache mie, nenda kwa Zablon."

Mzee akacheka mpaka akajifuta macho. Akaomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Mimi nimeinamia miguu yangu tu.

Anaondoka akanishika mkono, akasema, "Asante sana, mwanangu."

Ananishukuru mimi, Benigna. Mimi!