Shikamoo ya Neema

Ifakara, Kwaresima 1996

Mama Tumaini mke wangu,

Naomba Mungu maji yasiwe yamefika mlangoni huko Malinyi. Huku mvua inapiga bati la shule yetu ya muziki mpaka sisi wanafunzi, wazee kwa watoto, hatusikii tunachopiga. Mimi ningeshukuru isikatike.

Mwalimu amenikalisha kwenye kinanda kimoja na Neema, mtoto wa miaka minane, ili anisahihishe. Amelelewa vizuri, hawezi kumkosoa mtu mzima bila kumwamkia kwanza. Basi kila nikikosea anaweka mikono magotini na kusema, "Shikamoo babu." Naitikia marahaba, ndipo ananionyesha kidole kilipopaswa kuwa. Mwanzoni nilicheka. Sasa shikamoo yake naisikia hata ndotoni, na vidole hivi vilivyozoea jembe havitaki kuachana: kimoja kikishuka, cha pili kinakifuata.

Jana nilipiga ule wimbo wa kuingilia mnaousubiri kwa ajili ya Pasaka. Niliuharibu tangu mwanzo hadi mwisho. Neema alikuwa akitazama mvua dirishani.

Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, leo huniamkii?"

Akasema, "Nimechoka, babu."

Wasalimie wanakwaya wote. Kinanda alichotuachia marehemu mzee Fidelis kisifunuliwe kwanza, kitambaa chake kibaki pale pale. Wewe kula vizuri, usilale na nguo mbichi, na ukisali viombee vidole vyangu.

Mumeo, Baba Tumaini