Nilivyomsingizia Mdarizi wa Kichina

Muscat, Ijumaa, Novemba 2006

Leo joto limelegea kidogo. Tumefungua madirisha ya sebuleni, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, na upepo unaingia na vumbi la mtaa wetu wa Ansab. Nimechoka, nimefurahi, na nna aibu. Sijui nianze na lipi.

Nianze na aibu.

Naishi na Khalati Zuwena, dada yake mama, tangu nipate kazi ya mapokezi kwenye duka la magari Wattaya. Wazee wangu wako Sur. Khalati ni mjane, miaka tisa sasa, ana nyumba yake, ana mtoto mmoja wa kiume, kaka Nassor, anayekaa Seeb na mkewe. Kiswahili na Kiarabu anavijua vyote viwili. Kiingereza hakijui, na wala hajawahi kukililia.

Mwezi uliopita nilinunua sokoni Ruwi tamthilia ya Kichina, diski ishirini katika boksi moja. Ni ya zamani za wafalme wao: makasri, nguo za hariri ndefu mpaka chini, na msichana anayempenda jemadari huku mfalme naye anamtaka. Wanasema Kichina, na chini kuna maandishi ya Kiingereza. Khalati akaniambia nimsomee. Basi kila siku baada ya magharibi mimi nasoma Kiingereza, natoa Kiswahili, yeye anakunywa chai.

Kile Kiingereza kilikuwa kibovu. Sentensi hazina kichwa wala miguu, na mara nyingine maneno yanapita kabla sijayadiriki. Nikaanza kujazia. Mwanzo neno moja moja, baadaye sentensi nzima. Khalati hakujua, na hadithi ilikwenda vizuri tu.

Kilichonishangaza ni kuwa yule msichana na jemadari wake hawakumshughulisha Khalati hata kidogo. Yeye alikuwa na mtu wake, mdarizi wa kasri, mwanamke mtu mzima aliyefiwa na mume, anayetokea dakika tano kwa kila diski. Kuna tabibu mzee anampenda, anampelekea vikaratasi ndani ya kikasha cha dawa. Kila mdarizi akitokea, Khalati anaweka kikombe chini.

"Amemwambiaje?" ananiuliza. "Soma vizuri."

Kwenye diski ya kumi na moja tabibu akamfuata mdarizi bustanini. Mdarizi akamrudishia kikaratasi chake, akasema maneno marefu kidogo, akaondoka. Kwa Kiingereza nilipata neno la kukataza, halafu "mchana", halafu "mlango", basi. Khalati ananisubiri. Nikamwambia, "Hataki. Kamwambia asirudi tena, yeye mambo hayo yameshampita."

Sikufikiri hata kidogo. Niliona tu ndivyo mwanamke wa umri ule atakavyosema.

Siku ya pili yake, nimebaki nyumbani na mafua, simu ya nyumbani ililia, Khalati akaipokea mwenyewe. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Usipige tena, bwana. Tusitiriane." Nikadhani ni mtu aliyekosea namba. Tangu hapo hakutaka tena tamthilia. Alisema macho yanamuuma. Lakini magazeti alikuwa anasoma, tena bila miwani.

Jambo hili lilinikera kama uzi uliochomoza kwenye nguo. Mtu anafuatilia hadithi wiki tatu, anaiacha katikati, hata mwisho hataki kuujua? Nilimuuliza mara mbili. Mara zote alinituma jikoni.

Jumatatu alikuja dukani mwanamke wa Kichina kuchukua gari lake. Anaitwa Lin, ni mkalimani wa wahandisi wa barabara, na Kiarabu amesomea chuoni kwao. Anakisema kama msomaji wa taarifa ya habari, kila irabu mahali pake. Wakati tunangoja karatasi za gari nikamtajia tamthilia. Akacheka mpaka akaziba mdomo. Aliitazama yote na mama yake, wakilia pamoja. Nikamwalika nyumbani Alkhamisi, nikimwambia khalati yangu ana maswali. Khalati hakuwa na swali lolote. Mwenye maswali nilikuwa mimi.

Jana akaja, na boksi la machungwa mkononi. Khalati alimkaribisha vizuri, akamwekea kahawa na halua, lakini nilipogusa televisheni alitaka kuinuka. Lin akamuuliza kwa adabu, kwa kile Kiarabu chake, ni nani aliyempenda zaidi katika hadithi. Khalati akakaa tena. Akasema ni mdarizi. Halafu, bila ya mtu kumwomba, akaniambia nitie diski ya kumi na moja, pale bustanini.

Nilitia.

Lin alisikiliza, akaomba nirudishe nyuma kidogo, kisha akamgeukia Khalati. Akasema mdarizi hakukataa. Alichomwambia tabibu ni hivi: "Usiniletee tena vikaratasi vya kujificha. Mimi sikuiba kitu. Ukinitaka, njoo mchana, kwa mlango wa mbele, watu wakuone."

Khalati alimwomba aseme tena. Lin akasema tena, polepole. Khalati akamenya chungwa moja, kisha akamuuliza mgeni kama kwao machungwa yanakuwa matamu kama haya.

Lin alipoondoka, Khalati alinikuta jikoni naosha vikombe.

"Wewe pale ulisoma nini?"

Nikamwambia kweli. Kwamba sikusoma kitu, nilijazia mwenyewe. Nilitaraji anigombeze. Alivuta kiti akakaa.

"Mie nimemfukuza mtu kwa maneno yako," alisema.

Ndipo nikaijua habari yote. Mwaka juzi alianguka akaumia mkono, na hospitali aliyempiga eksirei alikuwa mzee mmoja, Khalfan, mzaliwa wa Unguja kama yeye, naye amefiwa na mke. Aliuweka mkono wake sawa juu ya mashine na kumwomba radhi kwa baridi ya ile sahani ya kupigia picha. Wakaulizana mitaa, wakaulizana walimu. Baada ya mzee kustaafu akawa anampigia simu, mara moja kwa wiki, asubuhi mimi nikiwa kazini. Mazungumzo ya heshima tu. Mwezi uliopita akamtaka ndoa. Khalati alimwambia ampe nafasi ya kufikiri. Na alikuwa anafikiri, kila jioni, karibu yangu, akimtazama mwanamke mwingine akifikiri jambo lilelile.

Akasema hakuwa mjinga, alijua ile ni michezo ya televisheni. Lakini alipomsikia hata yule anasema mambo hayo yameshampita, aliona haya. Alijiona mtu mzima asiyejijua.

Nililia kidogo, naye akanipa taulo ya vyombo nijifute, yenye sabuni.

Kisha akaenda kwenye simu. Kwanza alimpigia Nassor, akamweleza bila kuzunguka. Halafu akampigia Mzee Khalfan, na namba hakuitafuta popote. Alimwambia kama bado yuko kwenye neno lake, aje kesho baada ya Alasiri, mwanawe atakuwepo.

Leo Nassor alifika mapema, na uso wa mtu aliyekuja mazikoni. Alimuuliza mamaake watu watasemaje. Alimuuliza mara tatu anakosa nini, maana kila kitu anacho, na kisichokuwepo yeye Nassor atakileta.

Khalati alikuwa anapanga vikombe. Hakugeuka.

"Sikosi kitu, baba. Nna nyumba, nna wewe. Nnataka mtu wa kuzungumza naye."

Nassor aliinama. Nami niliinama, maana nakaa naye nyumba moja na nimekuwa nikidhani tunazungumza.

Mzee Khalfan alikuja saa tisa na nusu, amevaa dishdasha nyeupe na kilemba kilichofungwa kwa uangalifu mwingi. Ni mwembamba, anakohoa kabla ya kusema. Majirani wa mkabala walikuwa nje, wakamwona, naye akawatolea salamu kila mmoja. Nassor alimuuliza kazi, watoto, maradhi, anakaa wapi. Alijibu yote. Alipoulizwa kwa nini hakuja tangu mwanzo, alisema aliogopa kumtia aibu, na kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Khalati alikuwa amekaa pembeni, amevaa buibui mpya.

Mzee alipoaga, Nassor alimsindikiza mpaka garini. Nikasimama dirishani. Walizungumza karibu nusu saa, wamesimama juani, na mara moja nilimwona Nassor akiunyosha mkono wake na mzee akiupapasa kifundo, kama anamwonyesha mfupa fulani. Mpaka sasa sijui walikuwa wanasema nini, na nataka sana kujua. Lakini safari hii sitajazia.

Najiuliza mengine. Hospitali ni mimi ninayemfasiria Khalati. Benki pia, na barua za serikali zikija kwa Kiingereza. Mara ngapi nimempa aliyoyasema mtu, na mara ngapi nimempa niliyoyaona mimi yanamfaa?

Nassor aliporudi ndani alikaa karibu na mamaake. Halafu akasema, "Ijumaa ijayo anakuja na ndugu zake. Nimemwambia watakula hapa mchana."

Khalati akamtazama.

"Wangapi?"