Siku Ulipotafsiri Chumvi Kuwa Mchele

Mwalimu wangu mpendwa,

Nakuandikia hapa mahali pa wazi kwa sababu namba yako haipatikani tena tangu wewe na mkeo muondoke hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenda kuanza maisha nchi ya mbali. Labda atasoma mtu anayekujua, akufikishie. Nina swali moja tu, ingawa unanijua mimi na maswali, moja langu huzaa saba. Wiki ile nzima, kati ya kulijua kosa lako na kulikiri, ulikuwa unawaza nini?

Unaikumbuka siku mchungaji Mmalawi alipotutembelea, akatualika tukasali na kula pamoja na kanisa lake kule Kanengo. Ulikuwa na miezi michache tu ya Chichewa, tena cha sokoni, lakini ulisimama kutafsiri bila wasiwasi wowote. Akasema wageni wasijisumbue, kila familia ilete mchere kidogo tu. Wewe ukatuambia mchele. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nasoma shule na watoto wa Kimalawi, na nilijua vizuri kwamba mchere kwao ni chumvi. Nikanyamaza. Mtoto hamkosoi mwalimu mbele ya kanisa, ndivyo nilivyolelewa.

Basi watu wakajikamua. Mama Riziki, jirani yetu, alitoa mchele aliowawekea wanawe kwa ajili ya Noeli. Tuliposhuka kwenye lori kule Kanengo na vifurushi vyetu, wenyeji walishangaa, wakapiga makofi, zikomo, yaani asante, zikawa nyingi, kisha mama mmoja akatoka kimyakimya kwenda dukani kutafuta chumvi, maana mboga zilikuwa zinachemka bila kitu. Hakuna aliyekulaumu. Tulisifiwa kwa ukarimu wetu, na wewe ndiye uliyetafsiri sifa hizo.

Wakati wa kurudi nilikusogelea ndani ya lori nikakueleza. Hukukasirika. Uliniuliza tu kama nilijua tangu siku ya kwanza, nikasema ndiyo, niliogopa. Ilikuwa siri yetu wawili, na niseme kweli, nilitaka ibaki hivyo, kwa sababu nilikupenda na sikutaka uchekwe.

Jumapili iliyofuata ukaniita mbele ya kanisa zima.

"Bandugu, mi njo nilikosa," ulisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Balituomba chumvi, mi nikasema muchele. Huyu mutoto njo amenifundisha. Munisamehe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Riziki hakucheka. Ulimtazama yeye kuliko wengine wote, ukarudia neno lile la mwisho. Nilidhani tangu siku hiyo hakuna atakayekuheshimu tena. Mbona ikawa kinyume? Watu walianza kukuletea hata ugomvi wa nyumbani kwao uwaamulie. Mpaka leo sijaelewa vizuri.

Sasa sikia kwa nini nauliza. Siku hizi ni mimi ninayefundisha shule ya Jumapili, darasa lako lile lile. Wiki mbili zilizopita kitabu chetu cha nyimbo kilipotea. Nikamtaja Neema, msichana wa miaka tisa, mbele ya wenzake kwamba amekiiba, nikamtoa kwenye kwaya. Alhamisi nilikikuta nyuma ya cherehani yangu, nilikokiacha mwenyewe. Niliona aibu hata nikashindwa kumaliza gauni la mteja.

Mwenzangu ninayefundisha naye alinishauri nikirudishe kimyakimya, nimpe mtoto pipi, yaishe. "Mukubwa haombake mutoto musamaha," aliniambia. "Batakupanda kichwani." Sikumwona mjinga, maana na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Ndipo nikatamani uwe karibu nikuulize. Ulimwambia mkeo kwanza? Uliyajaribu yale maneno peke yako? Ulitafuta kichochoro cha kutorokea, kama mimi, ukakikosa? Ulitufundisha mistari mingi ya Biblia, na bado naijua kwa moyo, lakini nilipobanwa kilichonijia ni wewe umesimama pale unachekwa.

Jana nilisimama. Nikamwita Neema, nikasema kitabu nilikipoteza mimi, yeye si mwizi, na namwomba anisamehe. Nilifikiri atalia, au atanikumbatia, tuimbe wimbo mmoja, nirudi kwenye somo langu. Alinitazama tu.

"Mwalimu," akasema, "mama alinichapa juu ya kile kitabu. Twende umuambie na yeye."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mama yake ni mkali, na ni mteja wangu. Neema alikuwa amekwisha kunishika mkono, na watoto wote walikuwa wananitazama waone nitafanya nini.

Nilikwenda, Mwalimu. Walinifuata wote.

Mungu akutunze huko uliko, na ukipata nafasi, nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mimi mwanafunzi wako,
uliyemwita mbele ya kanisa